Tetemeko likibomoa nyumba, tuanze na mtoto au na ukuta?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Lindi vijijini, na ni katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mwaka 2016 tuliona kwenye televisheni yaliyowakuta wenzetu wa Bukoba. Wazee wetu wanasema Kusini hakuna tetemeko la kuangusha nyumba, lakini mimi sina amani. Likitufika, tuwasaidieje watoto na familia zao wasimame tena? Tuanze na watoto au na nyumba? Karibu nusu ya nyumba zetu ni za miti na udongo, zilizobaki ni za tofali. Fedha zetu ni za korosho, zinaingia mara moja kwa mwaka.

JIBU: Mwalimu, umefanya vyema kuuliza kabla ya siku yenyewe. Jibu langu la mkato ni hili: anzeni na anayemlea mtoto. Mama, bibi, mjomba, yeyote yule ambaye mtoto humkimbilia akiumia. Mlezi akipata pa kulala, maji, usingizi wa saa chache na mtu wa kumpokea mzigo, mtoto hurejea katika hali yake taratibu hata kama nyumba bado ni kifusi. Mlezi akiachwa, mleteeni mtoto midoli na biskuti kila asubuhi, hofu yake itabaki palepale. Nyumba inafuata. Nayo mtataka kuijenga haraka, na haraka hiyo ndiyo inayoirudisha nyumba mbovu mahali pa nyumba mbovu.

Wazee hawajakosea kusema hawajaliona. Ila Bonde la Ufa haliishii bara. Wataalamu wa miamba wanaona dalili za tawi lake chini ya bahari, mashariki ya pwani yenu na ya Msumbiji. Tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilianzia baharini na kuitikisa Dar es Salaam usiku, watu wakatoka nje ya majengo. Februari 2006 Msumbiji ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7. Lile la Kagera, la Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, lilikuwa la 5.9 tu, na bado liliua watu zaidi ya 15, likabomoa maelfu ya nyumba na kuzifunga shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Lilipiga alasiri. Lingepiga usiku wa manane watu wakiwa wamelala ndani, hesabu ingekuwa nyingine.

Kuna sababu ya pili ya kujipanga. Kimbunga kiliipiga Lindi tarehe 15 Aprili 1952, Kenneth kikapita jirani mwezi Aprili 2019, na Hidaya ya Mei 2024 ikaikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa. Chukueni hilo kama somo la msaada: siku kadhaa za mwanzo mtakuwa peke yenu. Na karibu yote nitakayoyasema hapa yanafaa kwa upepo na mafuriko pia.

Siku ya kwanza

Ninyi mko pwani, kwa hiyo bahari kwanza. Ardhi ikitikisika kwa nguvu kiasi cha mtu kushindwa kusimama, au ikitikisika muda mrefu, sekunde ishirini na zaidi, walio ufukweni wapande mlimani papo hapo bila kungoja tangazo. Maji yakijivuta na kuacha miamba wazi, ni hivyohivyo, hata kama hamkuhisi mtikisiko wowote. Mawimbi ya tarehe 26 Desemba 2004 yalizaliwa Sumatra yakafika mpaka pwani ya Tanzania. Wimbi la kwanza huenda lisiwe kubwa kuliko yote, na mengine hufuata kwa saa kadhaa. Anayeshuka kuokoa mtumbwi au nyavu anaweza kukutana na la pili.

Baada ya hapo asiingie mtu katika nyumba ya tofali kabla haijakaguliwa. Mitetemeko midogo itafuata kwa siku, wiki, pengine miezi. Kwa kawaida inapungua nguvu, lakini si lazima, na ukuta uliolegea hauhitaji kubwa. Ukaguzi wa haraka unawezekana hata kabla mhandisi wa halmashauri hajafika. Tazameni pembe za madirisha na milango: ufa wa mshazari unaoingia sarafu, au nyufa mbili zinazokatana kama alama ya X, nyumba hiyo hailaliwi. Tazameni kona za nje: kuta mbili zikiwa zimeachana, hailaliwi. Shusheni timazi ukutani: ukuta ukiwa umeinama, hailaliwi wala haikaribiwi, na watoto wasicheze chini yake. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu peke yake kwa kawaida ni za lipu. Fungeni kitambaa chekundu mlangoni mwa nyumba isiyoingilika, ili hata mtoto asiyejua kusoma aelewe.

Wakati huohuo mtu mmoja, awe mwalimu kama wewe, afungue daftari la watoto. Kila mtoto aliyeonekana peke yake aandikwe jina, umri wa kukadiria, jina la mama, kijiji, alipookotwa, saa, nguo alizovaa, na nani anakaa naye usiku huo. Msiweke picha yake kwenye makundi ya simu. Picha ya mtoto aliyepotea ni tangazo kwa mwenye nia mbaya pia. Akija mtu kusema ni wake, mtoto na mtu huyo waulizwe mbali mbali: alama mwilini, jina la nyumbani, majina ya ndugu. Majibu yakioana, mwandikeni aliyemchukua na mahali anakompeleka, na yote yafike kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii.

Mwenye wazazi waliofariki atafutiwe ndugu kwanza. Hapa Kusini mna njia ambayo mikoa mingi haina: kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua ukoo unafuatwa kwa mama, basi ulizeni mjomba yuko wapi, mama mkubwa na mama mdogo wako wapi, kabla hamjafikiria kituo cha kulelea watoto. Kituo kiwe cha mwisho kabisa. Na mkatae kwa sauti moja wanaokuja na gari kuchukua wasichana wa miaka kumi na mbili "wakasaidiwe" Dar es Salaam. Wengi wa hao wataishia jikoni kwa watu wakifanya kazi bila mshahara wala shule. Mtoto asiondoke kijijini bila afisa ustawi wa jamii kujua na kuandika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda, na namba 116 ya huduma kwa mtoto inapigwa bure.

Pa kulala, maji, choo

Kama hakuna hema, kibanda cha turubai kinatosha mkikijenga kwa makini. Kipimo kinachotumika duniani kwenye maafa ni mita za mraba 3.5 za sehemu iliyoezekwa kwa kila mtu, maana yake watu sita wanahitaji 21. Turubai la mita 4 kwa 6 likitandazwa chini ni 24, lakini likiinuliwa kuwa paa linapungua. Kwa hiyo kila familia ihesabiwe mawili, moja la paa na moja la kuta. Chimbeni mtaro wa sentimita 15 hadi 20 kuzunguka kibanda, na kati ya kibanda na kibanda mwache angalau mita mbili, moto ukiwaka kimoja usivuke. Mapishi yafanyike nje.

Maji ni lita 15 kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga. Familia ya watu sita ni madumu manne na nusu ya lita ishirini. Choo kimoja kwa watu ishirini, wanawake mbali na wanaume, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na mlango uwe na komeo la ndani. Komeo linaonekana jambo dogo. Msichana asipoona komeo atajizuia mpaka giza liingie, na gizani ndiko kwenye hatari. Mtoto akiharisha, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha kwa kisu, anyweshwe kidogo kidogo huku akipelekwa zahanati. Chumvi ikizidi inamdhuru.

Msikubali maziwa ya kopo na chupa za watoto kugawiwa ovyo. Mama anayenyonyesha akiambiwa hofu imemkausha maziwa, ataamini. Kwa kweli mshtuko huweza kuchelewesha maziwa kutoka, lakini mtoto akiendelea kunyonya yanarudi. Chupa isiyochemshwa, kwenye kambi yenye maji machafu, inaua. Mpeni mama chakula cha ziada, kivuli na mtu wa kushika watoto wengine. Maziwa ya kopo ni kwa kichanga asiye na mama wala mnyonyeshaji, tena kwa uangalizi wa muuguzi.

Mtoto mwenyewe

Karibu watoto wote watabadilika wiki za mwanzo. Wa chini ya miaka mitano hung'ang'ania kanga ya mama, hurudia kunyonya kidole, hukojoa kitandani wakati alishaacha. Wa shule ya msingi hulalamika tumbo, hucheza mchezo uleule wa nyumba kuanguka mara ishirini kwa siku, hugombana. Vijana hunyamaza, au hujitwisha kazi za watu wazima mpaka wanavunjika. Hizo si dalili za wazimu wala za mashetani. Ni mwili unaolinda roho. Mkojozi asichapwe wala asitangazwe. Anayecheza nyumba kuanguka aachwe acheze, isipokuwa mchezo ukianza kuumiza wenzake. Kaa karibu, na ikibidi uliza, "Halafu nani akaja kuwasaidia?" ili mchezo upate mlango wa kutokea.

Msimlazimishe mtoto asimulie. Wageni wenye nia njema huja wakawakalisha watoto duara na kumtaka kila mmoja aeleze alichokiona. Shirika la Afya Duniani halishauri hilo, kwa sababu halizuii madhara na linaweza kumrudisha mtoto kwenye kifusi. Linaloshauriwa ni rahisi zaidi: tazama nani ana hali mbaya, sikiliza anayetaka kusema, muunganishe na ndugu au huduma anayoihitaji.

Semeni kweli kuhusu msiba. "Baba amesafiri" humfanya mtoto angoje barabarani kila basi likipita. "Baba amelala" humfanya aogope kulala. Hata lile tunalolisema kwa imani njema, kwamba Mungu alimpenda zaidi, mtoto wa miaka sita huweza kulisikia kama tishio: je, mimi nami akinipenda? Mwambieni kwa maneno mafupi: "Nyumba ilimwangukia baba, mwili wake ukaumia sana, amekufa. Hatarudi. Si kosa lako. Mimi nipo." Hilo la si kosa lako msilisahau, kwa sababu watoto wengi hujilaumu kwa siri, huyu aligombana na dada yake asubuhi ile, yule alitumwa maji akachelewa. Aruhusiwe kuwepo kwenye hitima au ibada, apewe na kazi ndogo, kupanga mikeka au kupeleka maji.

Na sasa yule asiyetaka kuingia ndani. Nyumba imekaguliwa, haina tatizo, lakini mtoto akifika mlangoni miguu inaganda. Asivutwe mkono. Siku ya kwanza kaeni naye barazani, mgongo ukutani, mkibangua korosho au kusuka ukili, dakika kumi, mkaondoka kabla hajachoka. Kesho yake mlango ufunguliwe wote na uzuiwe kwa jiwe, naye akae kizingitini, uso nje. Siku ya tatu aingie na wewe, ashike ukuta kwa kiganja, ahesabu mpaka kumi, atoke mwenyewe. Mwonyesheni atakapokimbilia na mti gani mtakutana chini yake. Halafu alale ndani mchana, na mlezi, mlango wazi. Usiku uje mwisho. Akikwama hatua moja, rudini nyuma moja bila kumzomea. Kwa wengi hili huchukua wiki moja au mbili. Wakimwingiza kwa nguvu usiku wa kwanza huweza kuchukua miezi.

Shule irudi upesi, hata kwa saa mbili kwa siku, chini ya mwembe wenye matawi mazima na mbali na ukuta wowote. La muhimu ni saa ileile kila siku na sura zilezile za walimu. Kwa wa miaka mitano hadi tisa msizidishe watoto ishirini kwa watu wazima wawili. Wawili, asiwe mmoja: mmoja akimpeleka mtoto chooni, mwingine anabaki na kundi, na pia hapatikani mtu mzima aliye peke yake na mtoto. Sare zisidaiwe. Mahudhurio yaitwe kila asubuhi, si kwa ajili ya ofisi, bali kwa sababu mtoto akikosekana siku mbili mtu aende kwao kumwangalia.

Mpelekeni zahanati au kwa afisa ustawi wa jamii yule ambaye baada ya mwezi mmoja hivi bado hali vizuri, halali, hasemi, au hachezi kabisa. Anayesema heri angekufa hapelekwi baada ya mwezi, anapelekwa leo hii.

Kuna jambo wageni hawatalijua: jando na unyago. Familia iliyopoteza nyumba na shamba hushawishika kumcheza msichana mapema na kumwoza, ili mdomo mmoja upungue na mahari ipatikane. Mila yenyewe inaweza hata kuwafariji watoto, ngoma na nyimbo wanazozijua zimerudi. Lakini kungwi na wazee waombwe mapema, kwa heshima, wakubaliane kwamba mwaka wa maafa hakuna ndoa ya mwanafunzi. Wewe kama mwalimu una uzito wa kulisema hilo kuliko mgeni yeyote.

Nyumba

Kalenda yenu ndiyo inayoamua. Minada ya korosho huanza karibu Oktoba, na mtu akipata fedha mvua ziko mlangoni, kwani masika yenu ni moja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Anayejenga kwa haraka Desemba anajenga kwa tofali mbichi na zege lililonyeshewa. Ushauri wangu ni kibanda imara cha kuvuka masika moja, nondo na simenti zilipiwe wakati fedha zipo, na ujenzi uwe Juni hadi Oktoba. Simenti yenyewe msiihifadhi miezi sita. Lipieni dukani kwa maandishi na kuichukua siku ya kazi, la sivyo itaganda ghalani.

Nyumba ya miti na udongo msiionee aibu. Ni nyepesi na inayumba. Ikitikiswa humwaga udongo lakini mara nyingi hubaki imesimama, wakati ukuta wa tofali za inchi sita usiofungwa juu huanguka mzima mzima juu ya kitanda. Kinachoiangusha nyumba ya miti ni mchwa: nguzo inaonekana nzima kumbe chini ya ardhi imekwisha. Nguzo zichomwe moto juu juu sehemu ya chini, ziingie ardhini sentimita 60, na kuta zianze juu ya tuta la mawe la sentimita 30 au zaidi ili maji ya mvua yasizifikie. Fito zifungwe pande zote mbili. Kila kona iwekwe mti wa mshazari, kutoka juu ya nguzo ya kona hadi chini ya nguzo inayofuata, halafu miti ya juu inayobeba paa iunganishwe izunguke nyumba yote bila kukatika. Fundi akisema mshazari unaharibu sura ya ukuta, mwambieni utafunikwa na udongo.

Nyumba ya tofali uhai wake ni lenta. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo fedha hupotea. Lenta nyingi vijijini ni vipande vya juu ya mlango na dirisha tu. Lenta ya kuzuia nyumba isifunguke ni mkanda mmoja wa zege unaopita juu ya kuta zote, za ndani na za nje, bila kukatika. Chukueni nyumba ya vyumba viwili, mita 6 kwa 4, yenye ukuta mmoja wa kugawa wa mita 4. Mkanda wake ni mita 24. Ukiwa na upana wa sentimita 15 na kimo cha 20, unataka simenti mifuko 5, mchanga ndoo 18 na kokoto ndoo 35 za lita ishirini, nondo za milimita 12 vipande 10 vya mita 12, na nondo za milimita 6 vipande 6 vya kukatia ringi 120, yaani pete za kuzishika nondo ndefu pamoja, ringi moja kila sentimita 20. Uwiano ni simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne.

Sasa iangalieni kona, kwa sababu ndipo mafundi wengi hukosea. Fundi hulaza nondo za ukuta mmoja mpaka kona, hulaza za ukuta wa pili mpaka kona, zinapishana kama vijiti vya kuni, anafunga waya, anamwaga zege. Kwa macho imefungwa. Tetemeko likizivuta kuta mbili pande mbili, nondo zile zinachomoka kama mswaki kutoka kwenye kopo. Inavyotakiwa, nondo ya nje ifike kona, ikunjwe, iendelee ndani ya ukuta wa pili sentimita 60. Nondo ya ndani nayo isikunjwe kwenye kona ya ndani. Ivuke mpaka karibu na uso wa nje wa ukuta wa pili, ndipo ikunjwe sentimita 60. Fanyeni hivyo pia pale ukuta wa kugawa unapokutana na ukuta wa nje. Kuunganisha nondo na nondo kuwe kwa kupishana sentimita 60, mbali na kona, na maungio yasipangwe yote mahali pamoja. Ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani. Chini ya nondo wekeni vipande vidogo vya zege vya sentimita mbili na nusu, ili zisilale juu ya tofali.

Mchanga wa ufukweni ni marufuku hata ukipatikana bure, kwani chumvi inakula nondo kimyakimya na baada ya miaka zege linapasuka. Maji mengi ya kulainisha zege nayo yanaliua. Lenta imwagiliwe siku saba, asubuhi na jioni, ikifunikwa kwa magunia. Tofali ipimwe kabla ya kulipiwa: iachieni ianguke kutoka kifuani kwenye ardhi ngumu. Ikivunjika vipande, msinunue hata kama muuzaji ni shemeji.

Ule ukuta wa pembe tatu unaopanda mpaka kileleni mwa paa ni wa kwanza kuanguka. Msiujenge kwa tofali. Tumieni bati au mbao, au mwezeke paa la migongo minne. Dirisha likae sentimita 60 au zaidi kutoka kona. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zifungwe kwenye lenta kwa nondo nyembamba zilizoachwa zimechomoza wakati wa kumwaga zege. Kwa nyumba kongwe za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mikindani, msizitengeneze kwa simenti tupu. Ni nzito, zinataka kufungwa na mtu anayezijua.

Fedha za kikundi

Mfuko wa jamii utoe ruzuku: turubai, chakula cha wiki ya kwanza, sanda, nauli ya hospitali. Hisa za wanachama zisigawiwe. Zikopeshwe bila riba, na marejesho yaanze baada ya mnada wa korosho unaofuata. Na kikundi kisijenge nyumba nzima ya mtu mmoja au wawili, kwa sababu waliobaki watanung'unika na kikundi kitakufa. Kila familia ijenge kuta zake kwa nguvu zake na za majirani, ninyi mlipie lenta. Fedha ya nyumba moja hufunga lenta za nyumba kadhaa, na hiyo ndiyo sehemu ambayo familia ikiachiwa yenyewe itaibana. Lipeni dukani, si mkononi. Fundi alipwe sehemu ya mwisho baada ya nondo kukaguliwa kabla zege halijamwagwa. Zege likishamwagwa hakuna anayejua kilichomo. Bibi anayelea wajukuu peke yake awekwe juu ya orodha, maana hana wa kumbebea tofali.

Usisubiri tetemeko ili uyafanye haya matatu. Moja, kwenye daftari la kijiji ongezeni safu ya nyumba zenye watoto wa chini ya miaka mitano, walemavu na wazee wanaoishi peke yao, halafu mpelekeeni nakala mwenyekiti wa kamati ya maafa ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaitambua kamati hiyo, na kama kwenu ni jina tu, ulizeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa kila nyumba iviweke kwenye mfuko mmoja wa plastiki karibu na mlango. Pili, darasani zoezeni mara moja kila muhula: mtikisiko ukianza, walio karibu na mlango wa darasa lisilo la ghorofani watoke mbali na kuta, walio mbali waingie chini ya dawati na kushika mguu wake, kichwa kikifunikwa kwa mkono, mpaka utulie. Tatu, mwiteni fundi wa kijiji chenu siku ya kikao cha kikundi, aje na vipande viwili vya nondo. Azikunje kona ile mbele yenu hapo chini kwenye mchanga, kila mama aishike kwa mkono na kupima zile sentimita 60 kwa futi kamba.